Mbwa Wako Anakoroma? Usicheke, Msikilize

Mfugaji wa kuku aliyekomaa utamjua usiku. Mwendo wa saa nne, kuku wameshatulia, anaingia bandani, anazima taa, anasimama kimya kama dakika tano hivi. Hatafuti kitu kwa macho. Anasikiliza. Akisikia mkoromo mmoja kona ile, chafya mbili kona hii, anajua kesho asubuhi ana kazi. Nimefundisha jambo hili Chamazi, nimefundisha Bunju, nimefundisha Toangoma, na nyie vijana mnalishika haraka kuliko wazee wenu. Mfugaji akisikia kuku anakoroma halafu akasema "aah, kuku wa aina hii ndivyo walivyo," tutamshangaa wote.

Sasa mbona mbwa akikoroma tunacheka?

Nazungumzia hawa mbwa wa uso bapa: Pug, French Bulldog, Bulldog wa Kiingereza, Shih Tzu, Pekingese na ndugu zao. Zamani ukitaka kuwaona ulikuwa unakwenda Masaki au Oysterbay jioni, wakitembezwa. Siku hizi nawakuta Goba, Madale, Kigamboni, mpaka ndani ndani Mbagala, na mara nyingi siwakuti sebuleni. Nawakuta shambani, kwenye kijibanda pembeni ya banda la kuku, kwa sababu kijana kaona mchongo: nunua dume na jike, zalisha, uza watoto. Simlaumu. Kijana anayefuga kibiashara anatafuta kitu chenye thamani kubwa kwenye eneo dogo, na eneo letu huku pembezoni linazidi kubanwa na nyumba kila mwaka.

Lakini niseme msimamo wangu mapema ili usisome ukidhani nazunguka mbuyu. Kwa joto na unyevu wa Pwani yetu, biashara ya kuzalisha mbwa wa uso bapa sitamshauri kijana yeyote aingie. Na aliyeshaingia namwomba ajifunze kusikiliza kabla hajampandisha jike tena. Sababu zangu zinafuata, na ya kwanza ni kosa langu mwenyewe.

Mwaka juzi, mwezi wa pili, kijana mmoja wa Chamazi ninayemtembelea kwa ajili ya kuku wake wa nyama alinitumia sauti kwenye simu. "Shikamoo dokta. Msikilize huyu mbwa wangu anavyohema, ni kawaida hii?" Huku mtaani wanatuita dokta wote, ingawa mimi ni afisa ugani wa mifugo, si daktari wa mifugo, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Nikasikiliza nikiwa juu ya bodaboda, kelele tupu. Nikasikia mkoromo. Nikamjibu: "Marahaba. Hao Pug ndivyo walivyo, usiwe na wasiwasi."

Siku ya tatu yake alimpakia yule jike kwenye boksi, kwenye bajaji, saa saba mchana, ampeleke kwa mwenye dume upande wa Mbezi. Foleni unaijua. Walipofika, mbwa alikuwa amelala ulimi nje, ulimi wenyewe umegeuka rangi ya zambarau. Alikufa kabla hawajapata daktari. Alikuwa na miaka miwili. Hela aliyomnunulia ingejaza vifaranga kwenye banda lake na chakula cha wiki za mwanzo.

Yule kijana hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikaanza kusoma na kuuliza madaktari. Ninayoandika hapa ni yale ambayo ningepaswa kumwambia siku ile.

Tuanze na pua. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama wewe. Anapoza mwili kwa kuhema. Hewa inapita juu ya ulimi na ndani ya pua, inabeba unyevu, na unyevu ukikauka unaondoka na joto. Ndani ya pua ndefu ya mbwa wa kawaida kuna vijifupa vyembamba vilivyojikunja kama karatasi, vimefunikwa na ngozi laini yenye damu nyingi. Hiyo ndiyo rejeta yake. Sasa binadamu, kwa kuchagua kizazi baada ya kizazi mbwa mwenye sura kama ya mtoto mchanga, amelifupisha fuvu. Mchoraji wa Kiingereza William Hogarth alijichora na Pug wake mwaka 1745, na ukiiangalia picha ile yule mbwa ana pua hasa, inayoonekana. Wa leo wengi hawana.

Tatizo ni kwamba mfupa umefupishwa, nyama haikufupishwa kwa kiasi hicho. Chukua godoro la sita kwa sita ulilazimishe kwenye kitanda cha futi nne: litakunjika, litajaa, litabana njia. Ndivyo ilivyo ndani ya kichwa cha mbwa huyu. Tundu za pua zimekuwa kama mfereji mwembamba. Kaakaa laini, ile nyama ya nyuma ya paa la kinywa, ni ndefu na nene mno, inaning'inia mpaka inaziba mlango wa koo la hewa. Ulimi ni mkubwa kwa kinywa kile. Wengine, hasa Bulldog, na bomba la hewa lenyewe huwa jembamba tangu kuzaliwa.

Halafu hali haikai pale pale. Umewahi kunywa kitu kizito kwa mrija mwembamba? Ukivuta kwa nguvu mrija unabonyea, unalazimika kuvuta zaidi, nao unazidi kubonyea. Mbwa huyu anavuta hivyo kila pumzi, usiku na mchana, miaka. Nyama za zoloto zinavutwa kuelekea ndani, zinavimba, na mwisho zoloto lenyewe linalegea na kuporomoka. Kwa hiyo yule wa mwaka mmoja "anayekoroma kidogo tu" anaweza kuwa mwingine kabisa akifika miaka minne.

Mvuto huohuo ndio unaowafanya wengine wateme povu au warudishe chakula mara kwa mara. Wafugaji wananiambia "ana minyoo." Wanampa dawa ya minyoo, anaendelea kutapika, wanabadilisha dawa. Mpe ya minyoo kwa ratiba yake, sawa, lakini kama anatapika povu na anakoroma akiwa macho, tazama juu, kwenye njia ya hewa, kabla hujalaumu tumbo.

Sauti zenyewe sasa. Hapa nitachukua muda, maana ndipo wengi tunapochanganya.

Kuna mkoromo mzito wa chini, kama wa nguruwe anayechimba. Huo unatoka puani na kwenye kaakaa. Mbwa yeyote anaweza kukoroma akiwa amelala vibaya, hata wewe unakoroma. Swali ni hili: anakoroma akiwa macho, ametulia, hajacheza, hakuna joto? Kama jibu ni ndiyo, hiyo si tabia ya aina yake. Ni hewa inayopita mahali pembamba. Kuwapo kwa Pug elfu wenye sauti hiyo hakuifanyi iwe afya, kama kuku wote wa jirani yako kuwa na mafua kusivyoyafanya mafua kuwa kawaida.

Kuna sauti nyembamba, ya juu, kama mluzi au mkwaruzo, inayosikika anapovuta pumzi kuingia ndani. Hiyo inatoka chini zaidi, kwenye zoloto. Ukiisikia hiyo usisubiri wiki iishe. Siku hiyohiyo tafuta daktari.

Kuna nyingine inayowatisha watu bure. Mbwa anasimama ghafla, ananyoosha shingo, anavuta hewa kwa puani kwa mikupuo, hrrnk, hrrnk, kama anakata roho. Baada ya sekunde kadhaa anaacha, anatikisa mkia, anaendelea na mambo yake. Ni kama chafya iliyogeuzwa, na ikitokea mara moja moja haina neno. Ikizidi kuwa ya kila siku, hapo mwonyeshe daktari.

Na kuna ukimya. Huu nauweka mwisho kwa makusudi. Mbwa aliyekuwa anakoroma sana, ghafla haukoromi tena, lakini mdomo uko wazi, tumbo linapanda na kushuka kwa nguvu, viwiko vya mbele ameviachanisha ili kifua kipate nafasi. Mtu asiyejua atasema afadhali ametulia. Hajatulia. Sauti inahitaji hewa ipite, na sasa hewa haipiti. Yule jike wa kijana wangu, nilipomhoji baadaye, aliniambia: "Dokta, tulipofika Mwenge alinyamaza, nikajua amesinzia."

Mtazame na anavyolala. Anayelala ameegemeza kidevu juu ya kitu, au amekaa kama anasinzia akiwa amekaa, au anashtuka mara kwa mara kama mtu aliyekabwa, anatafuta hewa hata usingizini. Mhesabu pumzi akiwa amelala fofofo: kifua kupanda na kushuka ni moja. Mbwa mzima aliyelala kwa kawaida huwa chini ya 30 kwa dakika. Ni zoezi la dakika moja, halina gharama, na wewe unayejua kuhesabu vifaranga kwenye boksi kwa jicho huwezi kunishinda kwa kusema ni gumu.

Kuna kipimo kingine ambacho napenda wazalishaji wakijue. Chuo Kikuu cha Cambridge kwa kushirikiana na chama cha mbwa cha Uingereza, The Kennel Club, walianzisha mwaka 2019 mpango wa kuwapima mbwa hawa. Daktari aliyefundishwa anamsikiliza mbwa kwa kifaa cha masikioni, kisha mbwa anakimbizwa mwendo wa jogi kwa dakika 3, kisha anasikilizwa tena. Anapewa daraja kuanzia 0, hana dalili, mpaka 3, mgonjwa hasa. Wa daraja la 3 hatakiwi kuzalishwa. Uzuri wa kipimo uko kwenye zile dakika tatu: mbwa wengi wakiwa wamekaa hawatoi sauti, ukiwatembeza kidogo ndipo mabaya yanajitokeza. Huwezi kutoa daraja nyumbani kwako, lakini wazo lenyewe unaweza kulitumia: alfajiri, saa kumi na mbili kukiwa na ubaridi, msikilize, mtembeze haraka haraka dakika tatu, msikilize tena. Ukiona anahema kupita kiasi katikati, simama hapohapo. Na usithubutu kulifanya zoezi hili mchana.

Mtu ataniambia, mimi namfahamu mbwa wangu, angekuwa anaumwa ningejua. Nilidhani hivyo pia. Watafiti wa chuo cha veterinari cha Royal Veterinary College cha London walichapisha mwaka 2012 utafiti juu ya wenye mbwa wenye dalili za wazi za kubanwa pumzi. Asilimia 58 ya wenye mbwa hao walisema mbwa wao hana tatizo la kupumua. Ni wenye mbwa waliokuwa tayari hospitalini, katika nchi yenye madaktari wa wanyama kila mtaa. Sisi huku tutakuwa wangapi?

Sasa ongeza joto letu. Kuanzia Desemba mpaka Machi Dar inachemka, na unyevu uko juu. Unyevu ukishajaa hewani, ule mvuke wa ulimi na pua haukauki upesi, kwa hiyo hata mbwa wa pua ndefu anahangaika. Umewaona kuku wako wa nyama saa nane mchana mwezi Februari, midomo wazi, mbawa wameziachia? Wewe unakimbilia maji na kufungua mapazia. Mbwa wa uso bapa siku hiyohiyo amefungwa kwenye kibanda cha mabati, kwa sababu ni mbwa, na mbwa ni mgumu. Joto la kawaida la mwili wake ni kama nyuzi 38 hadi 39. Likifika 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Na kadiri anavyohema kwa nguvu, ndivyo nyama za koo zinavyovimba na kuziba zaidi. Anajichemsha kwa juhudi ileile ya kujipoza.

Ikitokea, poza kwanza, safirisha baadaye. Kivulini, mmwagie maji mwilini, usimfunike na taulo lililolowa maana litashika joto, mpepee au mwashie feni. Maji ya kichwani na puani hapana. Usimlazimishe kunywa. Mpigie daktari wakati unaendelea kummwagia, na ukiondoka naye basi madirisha wazi au kiyoyozi. Bajaji saa saba mchana, boksi lenye matundu manne, hiyo ni hukumu.

Nirudi kwenye biashara, maana najua hapo ndipo hoja zenu zilipo. "Dokta, mteja anataka pua fupi. Kadiri ilivyofupi ndivyo anavyolipa." Kweli. Kipo kitu cha kukubali hapo: soko lipo na si hapa tu, French Bulldog aliongoza kwa usajili Marekani mwaka 2022, akamshusha Labrador aliyekaa juu miaka 31. Lakini kaa chini na kalamu. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2010 ulionyesha kuwa kwa Bulldog, French Bulldog na Boston Terrier, zaidi ya asilimia 80 ya uzao ulipatikana kwa upasuaji. Vichwa vya watoto ni vikubwa, nyonga za mama ni nyembamba. Sasa jike wako amekwama saa nane usiku, uko Mabwepande, mvua inanyesha. Una daktari gani aliye tayari kumpasua? Una usafiri gani? Na dawa ya usingizi kwa mbwa wa njia nyembamba ya hewa ni hatari kuliko kwa mbwa mwingine. Kwenye hesabu za vijana wengi nilizoonyeshwa sijawahi kuona mstari wa upasuaji. Wanaandika chakula, chanjo, bei ya mtoto mara idadi ya watoto, faida.

Wenzetu waliotangulia kwenye biashara hii wameshaanza kurudi nyuma. Uholanzi, tangu mwaka 2019, mbwa ambaye pua yake ni fupi kuliko theluthi moja ya urefu wa fuvu haruhusiwi kuzalishwa. Sisi tunanunua kwa hela nyingi kitu ambacho wao wanakipiga marufuku. Na tusisahau tuna Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo haimhusu ng'ombe na punda pekee.

Kama unachotaka ni ulinzi wa banda, mbwa wetu wa kienyeji mwenye pua yake kamili, aliyechanjwa kichaa na anayelishwa vizuri, atakulindia usiku kucha na hutamkuta kafa mchana. Kama unachotaka ni kuuza mbwa, zipo aina za pua ndefu zenye wateja. Faida kwa kila mtoto inaweza kuwa ndogo. Nimeshasema sitakudanganya kwamba ni sawa.

Na ulienaye tayari? Usimtupe, tafadhali, hakuomba kuzaliwa hivyo. Mpunguze uzito, kwa sababu mafuta yanajaa mpaka kooni. Makombo ya ugali na chipsi yaishe. Mkanda wa shingoni utoe, weka wa kifuani. Matembezi yawe alfajiri au baada ya magharibi. Sakafu ya saruji kivulini, maji muda wote. Mpeleke kwa daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari umwombe amsikilize hasa njia ya hewa, si kumchoma sindano tu. Upo upasuaji wa kupanua tundu za pua na kupunguza kaakaa, unaosaidia zaidi ukifanywa mapema, kabla zoloto halijachoka. Ulizia anayeufanya, na kama hapa mjini humpati, uliza hospitali ya wanyama ya chuo cha SUA Morogoro. Wengi wananiambia watakwenda Temeke Veterinari kwenye ile maabara. Maabara ile ni ya kuchunguza sampuli. Hutapeleka mkoromo kwenye chupa.

Na kama anakoroma akiwa macho, usimzalishe. Hata kama mteja ameshatoa kishika uchumba.

Yule kijana wa Chamazi baadaye alinunua dume kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama, kabla sijamaliza kumshawishi. Alikuwa na kilo 11, Pug huyo, kama mtungi wa gesi. Sasa ana 9. Hajampandisha kwa jike yeyote na amekataa hela mara mbili, mimi nikiwa shahidi mara moja. Juzi nilipita kwake saa tatu usiku nikamkuta mbwa amelala ubavu kwenye saruji ya baraza, mdomo umefungwa. Nikainama nikahesabu: pumzi 24 kwa dakika, mkoromo mdogo tu. Kijana mwenyewe hakuwepo barazani. Alikuwa bandani, taa amezima, anasikiliza kuku.